Kesi Isiyofungwa

Kila Dominika katika Nasadiki twaungama kwamba Kristu atarudi kuwahukumu wazima na wafu. Je, twaifikiri maana yake?

Tutazame Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Kimweri ya Nyumbai alipofariki mwaka 1862, Wakilindi walipigana wao kwa wao, na Semboja akapata nguvu Mazinde, penye njia ya misafara. Katika vita hivyo Washambaa wengi walitekwa, wakauzwa utumwani. Waliouza wamekufa, waliouzwa nao wamekufa. Hakimu gani wa dunia ataisikiliza kesi hiyo?

Lakini mbele ya Mungu haijafungwa. Katika Injili ya Mateo, sura ya 25, Mfalme awatenga watu kwa jinsi walivyowatendea wadogo: wenye njaa, wageni, wafungwa. Waliolaaniwa hawakushtakiwa wizi wala uuaji. Waliwaona wahitaji, wasiwasaidie.

Basi, mzazi Mkristu, usiwanyoshee kidole watu wa kale tu. Mtumishi wa nyumbani mwako amelipwa mshahara wake? Yatima wa ndugu yako amekula? Hayo ndiyo tutakayoulizwa. Leo ni saa ya huruma: tutubu, tulipe madeni yetu, kabla Hakimu hajafika.