SOMO LETU: JE, BUNDUKI NI HAKI YA RAIA?
Soma: Yohana 18:10–11

Ndugu wapendwa, wengine wetu hapa Kasulu na Kibondo husema: "Mpaka u karibu, majambazi wapo; kumiliki bunduki ni haki yangu." Tujifunze.

Raia wa Marekani wanayo haki hiyo katika Katiba yao tangu mwaka 1791. Katiba yetu ya mwaka 1977 haina neno hilo. Ibara ya 14, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine mwaka 1984, yatupa haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka katika jamii. Angalieni: hifadhi yatoka kwa jamii.

Kwetu bunduki ni ruhusa, si haki. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka leseni, hata kwa gobore la babu lililofichwa darini.

Hofu yetu ni ya kweli. Petro naye aliogopa, akachomoa upanga, akaamriwa kuurudisha.

Maswali ya kuzungumza:
1. Mwenye gobore lisilo na leseni afanye nini?
2. Jirani akipiga yowe usiku, je, sisi hutoka?