Upepo na Muda wa Safari: Mtwara hadi Ngazidja

Mashariki ya Shangani, kusini kidogo, kuna kisiwa cha Ngazidja. Kati ya viwanja vya ndege vya Mtwara na Hahaya, karibu na Moroni, pana takriban kilomita 360. Ndege iendayo kilomita 300 kwa saa hutumia dakika 72 kwenda na 72 kurudi, jumla 144.

Sasa na uvume upepo wa kilomita 60 kwa saa, ukiikabili wakati wa kwenda. Wanafunzi wengi hujibu upesi kwamba kilichopotea kwenda hufidiwa kurudi. La, hasha! Kwenda, kasi ni 240: dakika 90. Kurudi ni 360: dakika 60. Jumla 150. Upepo huizuia ndege dakika 90, huisukuma dakika 60 tu. Rubani apimaye mafuta ya safari ya baharini hana budi kuzihesabu dakika sita hizo.