SOMO: Taa na vantilateri katika dushi bila hatari



Tangu kituo cha Matebe kianze kutoa umeme katika 2015, nyumba nyingi za Rutshuru zimepata taa. Wenye uwezo wanatia ampuli hata katika dushi, na wengine wanaongeza vantilateri ndogo ya kutoa mvuke. Ni maendeleo. Lakini dushi njo chumba cha hatari kupita vyote: mwili uko na maji, miguu haina viatu, na mtu amejifungia peke yake. Tuone namna ya kuikinga familia.

Kwa nini dijonkteri ya kawaida haitoshi

Tuhesabu pamoja. Ampuli ya LED ya wati 9, kwa volti 220, inakula karibu miliampere 40. Ile kidogo ikipita mu kifua cha mtu, inaweza kusimamisha moyo. Lakini dijonkteri ya taa ni ya ampere 10, maana yake miliampere 10 000. Inalinda waya isiungue, mtu haimulindi. Ndiyo maana tunahitaji dijonkteri ya diferansiyeli ya miliampere 30. Hiyo inalinganisha umeme unaoenda na ule unaorudi. Kama kuna ile inapotelea mu mwili ao mu ukuta wenye maji, inakata mara moja. Ina kitufe cha T: mukifinye kila mwezi. Kama haikati, imekufa, mubadilishe.

Hatua za kazi

1. Kata umeme kwenye dijonkteri kubwa, umwambie kila mtu wa nyumba, kisha upime waya kwa testeri. Kuzima ampuli peke yake haitoshi.
2. Vuta waya tatu za milimita kareti 1,5 ndani ya tiyo: fazi (nyekundu ao kahawia), netri (bluu) na tere (kijani na manjano). Rangi ya tere haitumiwe kwa kazi ingine hata siku moja.
3. Enterupteri ikate fazi, siyo netri. Ikikata netri, ampuli inazimika lakini umeme unabaki pale juu, unangoja mkono wa mwenye kubadilisha ampuli.
4. Enterupteri ikae inje ya mlango. Prizi, usitie hata moja mu dushi.
5. Mahali maji inaruka, ni kusema mita 1,20 kuzunguka bomba la kuogea, mpaka urefu wa mita 2,25, usitie taa wala vantilateri. Hata kwingine mu dushi, chagua vyombo vilivyoandikwa IPX4: maji ikiruka, haiingii.
6. Tere ishuke mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa mu udongo. Kuifunga kwenye bomba la maji tu ni hatari, maana mabomba mengi leo ni ya plastiki.

Vantilateri

Itiwe juu, mbali na mlango. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya mlango, hewa ipate njia ya kuingia. Tiyo yake ipite ukuta mpaka inje. Ikiishia juu ya plafo, mvuke utaozesha mbao na kutia kutu kwenye maungio ya waya. Na angalisho: vantilateri inavuta hewa ya nyumba nzima. Kama mbabula ya makala inawaka ndani, moshi wake wenye sumu unaweza kuvutwa mpaka vyumbani. Mbabula ikae inje.

Mtu akipigwa na umeme

Usimuguse. Kata umeme kwanza. Kama haiwezekani, simama pakavu, umusukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, anza kufinya kifua chake bila kukawia, na mwingine akimbie kutafuta usaidizi wa kituo cha afya.

Kazi ya kwenye kontere na tablo tuiachie fundi wa umeme anayejua. Malipo yake ni kidogo kuliko matanga.

Ya kuzungumzia katika kikundi

- Kwetu nyumbani, enterupteri ya dushi iko ndani ao inje?
- Nani ana diferansiyeli, na aliijaribu lini?
- Koperative inaweza kununua diferansiyeli kwa pamoja, wanachama walipe kidogo kidogo kisha mavuno?