MWENZI WAKO AKIPOTEWA NA KUMBUKUMBU

Ndugu msomaji, fikiria nyumba hii. Mama ana miaka 50. Mchuzi anautia chumvi mara mbili. Njia ya kisimani inampotea. Mumewe anagomba: "Siku hizi una kiburi!" Majirani wananong'ona: karogwa huyo. Kumbe pengine siyo kiburi wala uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo.

Ugonjwa gani huu?

Madaktari huuita demensia. Kumbukumbu, maneno na tabia huharibika kidogo kidogo. Wengi wanaoupata ni wazee, lakini huweza kuanza hata kabla ya miaka 65. Mwaka 1901 Auguste Deter, mke wa karani wa reli, alilazwa hospitali huko Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa na miaka 51. Alimwonea mumewe wivu bila sababu, na hata jina lake mwenyewe alishindwa kuliandika. Alifariki mwaka 1906. Daktari Alois Alzheimer alipouchunguza ubongo wake aliukuta umesinyaa. Ndiyo maana tunasema ugonjwa wa Alzheimer. Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya.

Tufanye nini?

1. Mpeleke mgonjwa hospitali mapema. Yako magonjwa mengine yanayoleta usahaulifu, nayo yanatibika.

2. Usibishane naye. Akiuliza mara kumi, mjibu kwa upole.

3. Kila kitu kiwe na pahali pake, na kila kazi saa yake. Moto, dawa na panga viwe mbali naye.

4. Mtunzaji naye apumzike. Ndugu wapokezane zamu.

Mzigo ukiwa na wabebaji

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeujua uzito ni aliyeubeba. Huko Uingereza, Scott Mitchell alimuuguza mkewe, mwigizaji mashuhuri Barbara Windsor. Huyu aliugundua ugonjwa akiwa na miaka 76, mwaka 2014, lakini kazi ya mtunzaji ni ile ile. Miaka minne hawakuutangaza. Mwaka 2018 mume akasema wazi. Aprili 2019 akakimbia na marafiki mbio za London, kilometa 42. Katika mbio hizo mkimbiaji huwaomba jamaa na marafiki wachange, na fedha huenda kwa vyama vinavyosaidia wagonjwa na utafiti. Barbara alifariki Desemba 2020. Mbio hazikumponya, lakini mumewe hakuubeba tena mzigo kwa siri.

Basi ndugu, si lazima tukimbie kilometa 42. Kumshika mgonjwa wa jirani asubuhi moja, ili mwenzake aende shamba au alale, nao ni mchango. Lakini jirani hawezi kuchangia jambo asiloambiwa. Tusifiche.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mgonjwa huyu hudhaniwa ana kiburi?
2. Katika kijijini chenu, nani anamuuguza mwenzi wake peke yake? Mtampokeaje?