Udongo Upitishao Maji Upesi: Kutoka Mji wa Kale hadi Nyika ya Taru

Mvua ya masika inyeshapo Mombasa, maji hutiririka katika Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni, kwa kuwa njia hizo zimesakafiwa. Lakini ingia katika ua wa nyumba usiotiwa saruji, utazame chini ya mnazi au mwarobaini. Mvua ikisha kukatika, dimbwi halikai. Baada ya muda mchache ardhi imekwisha kuyanywa maji yote, na watoto hucheza hapo bila ya kupakaa matope. Hali kama hiyo utaikuta ukisafiri saa chache kwa barabara ya Nairobi, ukapita Mariakani na kuingia katika nyika ya Taru. Huko nako udongo wenye mchanga huyanywa maji ya mvua, na siku chache baadaye nchi imekauka tena.

Watu wengi wakiiona nchi hiyo husema, "Ule ni mchanga mtupu, haufai kitu." Neno hilo si la haki. Mbuzi na ng'ombe wengi wachinjwao Mombasa hutoka katika malisho ya Kwale, Kilifi, Tana River na Taita-Taveta, na baadhi ya malisho hayo ni juu ya udongo wa namna hii. Yafaa basi mtu wa mjini na mfugaji wa nyika waujue wote wawili: wema wake, upungufu wake, na jambo moja liuharibulo kuliko ukame.

UDONGO HUU NI WA NAMNA GANI?

Kila udongo ni mchanganyiko wa chembe za namna tatu. Za kwanza ni chembe za mchanga, ambazo huonekana kwa macho na hukwaruza mkononi. Kubwa kabisa hufika upana wa milimita 2. Za pili ni za tope laini, ambalo likikauka huwa kama unga. Za tatu ni za mfinyanzi, nazo ni ndogo kuliko milimita 0.002, hata jicho haliwezi kuziona moja moja.

Udongo tunaousimulia huitwa tifutifu wa kichanga. Katika sehemu 100 za udongo huo, mara nyingi mchanga ni 60 hadi 70, mfinyanzi hauzidi 20, na zilizobaki ni tope laini. Mchanga huacha mianya mipana, na maji na hewa hupita humo. Mfinyanzi na tope, ingawa ni haba, huzishikanisha chembe na kuweka akiba ya maji na chakula cha mimea.

Asili yake katika nyika ni mawe ya mchanga, ambayo wataalamu wa miamba wameyapa majina ya mahali petu: Mazeras, Mariakani na Taru. Mawe hayo yakimong'onyoka kwa jua na mvua huzaa udongo wa mchanga. Kati ya Mariakani na Taru kuna Maji ya Chumvi, ambako mawe ni ya chembe laini na udongo ni mzito zaidi. Na jina la mahali lenyewe lamwonya msafiri juu ya maji ya huko.

Kisiwa cha Mombasa kina asili nyingine. Mifupa yake ni tumbawe lililokua baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo, na handaki lake limechongwa ndani yake. Udongo mwekundu wenye mchanga uliotandazwa juu ya tumbawe si mnene mahali pengi. Kwa hivyo maji yakisha kuupita udongo, hukuta jiwe lenye matundu na nyufa, yakaendelea kushuka.

NAMNA YA KUUTAMBUA

Fundi mwashi wa Mji wa Kale hana haja ya mtambo. Akiletewa mchanga wa kupigia lipu, huuchota na kuusugua katika kiganja. Ukiacha taka ya rangi mkononi huukataa, kwani ajua kuwa umechanganyika na udongo. Mfugaji naye na atumie kiganja hicho hicho.

Kwanza, chota udongo, uutie maji kidogo, uufinye. Mchanga mtupu hausimami. Tifutifu wa kichanga hufanya donge, lakini ukiligusa kwa kidole huvunjika. Mfinyanzi hufanya donge gumu unaloweza kulirusha na kulidaka.

Pili, lisukume donge hilo kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke ukanda. Ukanda wa tifutifu wa kichanga hukatika mapema, kabla ya kufika sentimita 3.

Tatu, jaza udongo theluthi ya chupa, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke chini. Mchanga hutua kwa dakika moja hivi. Tope laini hutua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi huweza kuyatia maji ukungu hata siku ya pili. Pima unene wa kila tabaka, nawe utakuwa umejua udongo wako bila ya gharama.

Nne, chimba hadi magotini utazame rangi. Udongo upitishao maji vizuri huwa mwekundu au wa kahawia, rangi moja kuanzia juu hadi chini, kwa sababu hewa huingia na chuma kilichomo hushika kutu. Ukiona kijivu chenye mabaka, jua kuwa maji hutuama hapo.

MAJI HUENDA WAPI?

Udongo huu ukiwa katika hali njema waweza kunywa milimita 20 hadi 30 za mvua kwa saa moja. Mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu. Hiyo ndiyo neema yake katika nchi ya mvua za ghafula.

Lakini hauwezi kuweka akiba kubwa. Katika kina cha mita moja hushika yapata milimita 100 za maji yawezayo kunywewa na mimea. Tufanye hesabu. Ikiwa mizizi ya nyasi imeshuka sentimita 60, akiba yake ni milimita 60. Jua na nyasi zikitumia milimita 5 kila siku, akiba hiyo itakwisha kwa siku 12. Ndiyo sababu nyika huwa kijani kibichi wiki hii, na wiki mbili baadaye imebadilika rangi. Mombasa hupata yapata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka au zaidi, nayo nyika ya Taru hupata kidogo sana kuliko hizo, tena bila ya uhakika. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wafanya kazi walipofika Taru iliwabidi wapelekewe maji kwa gari moshi. Misafara ya kabla yao ilitegemea ngurunga, yaani mashimo ya mwambani ambamo mvua hukusanyika, kwa kuwa jiwe lile halinywi maji kama udongo.

Upungufu wa pili ni kwamba maji yashukayo huchukua chakula cha mimea pamoja nayo. Kwa hivyo udongo huu hutegemea sana mboji na samadi. Tazama mahali palipokuwa zizi la zamani: nyasi za hapo huwa na afya kuliko za jirani.

HAUCHAGUI UPITISHACHO

Wasomaji wa kisiwani wasidhani kuwa somo hili ni la wafugaji peke yao. Udongo mzito, ambao maji hupita humo polepole, huyachuja. Udongo mwembamba juu ya tumbawe lenye nyufa huyapitisha maji ya mvua, na huyapitisha vilevile maji ya choo cha shimo. Kisima chaweza kuwa na maji maangavu, baridi, yasiyo na harufu, kumbe yana vijidudu vya kuharisha na kipindupindu. Kuacha mita 30 kati ya choo na kisima ni ushauri mwema, lakini katika tumbawe umbali huo hauleti amani ya moyo. Maji ya kisima cha kisiwani na yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa. Wala yasitekwe kupita kiasi, kwani maji matamu yaelea juu ya maji ya bahari, na yakipungua, chumvi hupanda.

ADUI MKUBWA NI UCHI

Huko nyika, jambo liharibulo udongo huu kuliko ukame ni kuuacha uchi. Nyasi zikiliwa hata mizizini, tone la mvua huupiga udongo moja kwa moja. Chembe ndogo hupasuka, zikaingia katika mianya kati ya mchanga na kuiziba. Jua likitoka, hutokea gamba jembamba gumu, na mvua ijayo huteleza juu yake kama juu ya bati. Ardhi ni ile ile, mchanga ni ule ule, lakini mlango umefungwa.

Hasara yake ni hii. Milimita 1 ya mvua juu ya hektari moja ni lita 10,000. Mvua moja ikipoteza milimita 20 kwa sababu ya gamba, hektari hiyo imekosa lita 200,000, yaani madebe 10,000 ya lita 20. Mfugaji hulia kuwa mvua haikutosha, kumbe ilinyesha, ikapita mbele ya macho yake kuelekea korongoni pamoja na udongo wa juu.

MAMBO YAPASAYO KUFANYWA

1. Acha nusu ya nyasi zisimame. Zilizobaki ni paa la udongo, nazo huilisha mizizi.

2. Gawanya malisho, na kila sehemu ipumzishwe kwa zamu, hasa mvuani, ili nyasi za kudumu zipate kuzaa mbegu. Idadi ya wanyama na ifuate nyasi zilizopo, si nyasi za mwaka wa neema.

3. Penye gamba, likwaruze, upande mbegu za nyasi, na ufunike kwa matawi ya miiba. Mbuzi watazuiwa na kivuli kitahifadhi unyevu.

4. Penye mteremko, chimba makingo ya nusu mwezi, mdomo ukielekea juu, yapate kupokea maji.

5. Usichimbe lambo kabla ya kupima kwa chupa. Lambo katika udongo wa kichanga huvuja; litafute penye mfinyanzi.

6. Usichome nyika moto. Majani makavu uyaonayo kama takataka ndiyo mboji ya kesho.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, ila yahitaji subira na mapatano, kwani malisho ya pamoja hayawezi kuhifadhiwa na mtu mmoja ikiwa jirani hakubali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini donge la tifutifu wa kichanga huvunjika likiguswa?

2. Mizizi ikishuka sentimita 40 tu, akiba ya maji itadumu siku ngapi?

3. Udongo unywao milimita 25 kwa saa huwezaje kuyakataa maji ya mvua?

4. Kwa nini uangavu wa maji ya kisima si ushahidi wa usafi wake?

Mwenye kuyajibu maswali haya, akatoka nje na kuchota udongo wa kwao mkononi, ataona kwamba ardhi tuikanyagayo kila siku ina habari nyingi za kumwambia.