Maji ya chumvi Kau na raha zetu za mjini

Huenda leo asubuhi ulifungua bomba la bafuni ukaoga maji moto, ukapiga pasi shati, ukatoa maziwa kwenye friji na kupika chai. Hukujiuliza maji hayo wala stima hiyo vimetoka wapi. Hakuna wa kukulaumu, kwani sote tunaoishi mjini ndivyo tulivyozoea. Lakini wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Juma hili ningependa tumfahamu mkazi wa Kau, kwa sababu maji anayokunywa yana uhusiano na bomba lako, na yanaweza kumletea maradhi hata akiyachemsha.

Kau iko karibu na Kipini, katika eneo la Garsen, pale Mto Tana unapokaribia kuingia baharini kupitia mlango wa Ozi. Tangu zamani wakulima wa huko hutegemea bamvua. Bahari inapojaa huyazuia maji matamu ya mto na kuyarudisha nyuma, yakapanda kingo na kuingia katika majaruba ya mpunga. Mpango huu unafaa maadamu mto una nguvu. Mto ukidhoofika, hasa wakati wa kiangazi, maji ya bahari huingia yenyewe mtoni. Mpunga hunyauka, visima vya karibu huwa na chumvi, na binadamu na mifugo hukosa maji ya kunywa.

Mto unadhoofishwa na nini?

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, karibu kilomita 1,000, na chimbuko lake ni milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Juu ya mto huu yamejengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Kwa pamoja yanaweza kutoa karibu megawati 600. Bwawa la umeme halinywi maji, ila huyazuia na kuyatoa kwa kipimo. Mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakisafisha chumvi na kuleta udongo wenye rutuba hupungua, na udongo wenyewe hubaki chini ya bwawa.

Maji ya kunywa ya Nairobi nayo ni habari nyingine. Sehemu kubwa hutoka katika vijito vya Tana, kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Mwaka 2022 ulizinduliwa mfereji wa chini ya ardhi wenye urefu wa kilomita 11.8 huko Murang'a ili kuongeza maji hayo. Tukishayatumia, hayarudi Tana. Hufuata Mto Nairobi na Athi, yakaingia baharini kwa Mto Sabaki karibu na Malindi. Hata wali tunaoupenda wa Mwea humwagiliwa kwa maji ya vijito vya Tana.

Si haki kuyatwika mabwawa na jiji mzigo wote. Ukame, kukatwa kwa misitu na mikoko, na kupanda kwa kina cha bahari kutokana na joto la dunia vina sehemu yake. Lakini sehemu yetu haiwezi kufichwa.

Chumvi mwilini

Chumvi ina madini yaitwayo sodiamu. Mwili unayahitaji, lakini yakizidi huvuta maji katika mishipa ya damu, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo shinikizo la damu hupanda. Kwa miaka mingi mgonjwa huenda asihisi lolote, hadi siku anapopatwa na kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula. Tuseme basi mtu anakunywa lita 3 za maji yenye miligramu 500 za sodiamu kwa kila lita. Amekwisha kupata robo tatu ya kipimo chake chote kabla ya kutia chumvi kwenye mboga. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa na daktari apunguze chumvi atajibu kwa dhati kwamba hali chumvi nyingi, na atakuwa anasema kweli. Anainywa.

Walio hatarini zaidi ni wanawake wajawazito. Katika wilaya ya Dacope, pwani ya Bangladesh, ambako bahari nayo imeingilia maji ya kunywa, watafiti waliona kwamba wajawazito waliokunywa maji yenye chumvi zaidi walipatwa zaidi na shinikizo la damu na dalili za kifafa cha mimba. Ugonjwa huu unaweza kuua mama na mtoto.

Kuchemsha hakuondoi chumvi

Hapa naomba usome kwa makini. Sisi madaktari tumewafundisha watu wachemshe maji au watie klorini, na hayo ni kweli kwa viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Chumvi ni jambo jingine. Klorini haiigusi, wala kitambaa cha kuchujia hakiizuii. Ukichemsha, mvuke hutoka na chumvi hubaki, hivyo maji yaliyosalia huwa na chumvi zaidi kuliko mwanzo.

Kosa kubwa zaidi hutokea mtoto anapoharisha. Pakiti ya O.R.S. imepimiwa maji matamu. Ukiikoroga katika maji ya chumvi, mtoto hupewa chumvi kupita kiasi. Kiu yake huzidi, huhangaika, na anaweza kupatwa na degedege.

Mashauri kwa wanaoishi au wenye jamaa huko

Kwanza, maji ya mvua yawekwe akiba kwa kunywa, kwa wajawazito na kwa watoto. Paa la mabati lenye ukubwa wa mita 5 kwa 8 laweza kukusanya lita 400 mvua inyeshapo milimita 10 tu. Maji ya mwanzo yanayoosha paa yamwagwe. Tangi lifunikwe mbu wasizae humo, na maji yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa.

Pili, kisima kisichimbwe kina kupita kiasi wala kisivutwe kwa pampu kubwa. Maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi, na ukivuta kwa pupa utaipandisha chumvi.

Tatu, mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Mtoto akiharisha na maji matamu hayapo, aendelee kunyonya, na aliyekwisha anza kula apewe pia maji ya dafu, huku akipelekwa kituo cha afya bila kuchelewa.

Nne, kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, na mjamzito apimwe kila aendapo kliniki. Kipimo cha 140/90 au zaidi si cha kupuuzwa. Mjamzito akiumwa sana na kichwa, akiona kiwi, akivimba uso na mikono au akipata maumivu juu ya tumbo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe wa mjini?

Sikuombi urudi kwenye kibatari. Nakuomba utengeneze bomba linalovuja, kwani tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Usioshe gari kwa mpira wa maji wakati ndoo moja yatosha. Zima taa na mtambo wa maji moto usipovihitaji. Vuna maji ya mvua nawe kwa kufua na kumwagilia bustani. Zaidi ya yote, mpango wa bwawa jipya unapotangazwa, usiulize tu ni megawati ngapi zitapatikana. Uliza pia ni maji kiasi gani yataachwa yafike Kau, na ni nani atakayeyapima.

Dawa za presha hunywewa maisha yote, tena kwa gharama. Mto wenye maji ya kutosha ni kinga, na daktari yeyote atakuambia kinga ni bora kuliko tiba.