Kwa Wanaotaka Kushika Kalamu

Vijana kadha wa Garsen na Kipini wametuuliza: mtu afanye nini hata awe mwandishi? Wengi wao wadhani kuwa shani ya uandishi ni maneno mazito na methali nyingi. Sisi twaona la kwanza ni isnadi. Maimamu wa Hadithi, kama Bukhari, walisafiri mji hata mji kumtafuta aliyesikia kwa masikio yake. Vipi basi sisi twaandika khabari ya ng'ambo ya mto pasi na kuvuka?

Mwezi uliopita kijana mmoja alituletea waraka wenye Kiswahili kizuri mno. Aliandika kuwa wafugaji wameingiza ng'ombe katika mpunga wa watu kwa makusudi, na kuwa hiyo ndiyo tabia yao. Tukamuuliza: Umeona? Akajibu: Nimesikia stendi. Tukamrudishia waraka wake.

Hatukumdharau. Lakini sisi wa Tana twajua maneno kama hayo huweza kufika wapi. Tarehe 22 Agosti 2012 waliuawa watu zaidi ya 50 huko Riketa, wengi wao wanawake na watoto, na visasi vikaendelea hata mwaka 2013. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuihakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, nasi twaisoma kila siku!

Kijana yule, Mwenyezi Mungu amzidishie, hakununa. Alikwenda mwenyewe, akakaa siku mbili. Alikuta mpunga umekanyagwa kweli, na mwenye shamba, naye ni mjane, hakusaliwa na kitu. Alikuta pia kuwa malka, ile njia ya mifugo kufikia maji, imelimwa, na ng'ombe walikuwa na kiu. Akaandika yote mawili, kila neno na aliyelisema. Lile la “tabia yao” akalifuta kwa mkono wake.

Ama lugha, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa bahari ya Kiarabu. Hata hivyo alipotoa Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, alisema na watu kwa Kiswahili chao. Nanyi msomeeni mama nyumbani kabla ya kutuletea. Akiuliza, “Hapa wakusudia nini, mwanangu?” paandikeni upya.

Waraka wa kijana wetu utatoka toleo lijalo, inshallah. Wengine waleteni zenu baada ya darsa ya Alhamisi.